Mwanangu anataka kuwa fundi umeme, nami sijatia saini

Shikamoo dada,

Nakuandikia saa 9 usiku nikiwa jikoni, hapa Bochum. Zamu yangu inaanza saa 12 asubuhi, lakini usingizi umekataa kabisa.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga. Mume wangu alitangulia Ujerumani, nasi tukamfuata mwaka 2016. Mkubwa wangu alikuwa na miaka 7, mdogo miaka 4. Sasa wana 16 na 13, wavulana wote wawili. Mimi nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Baba yao anaendesha lori. Huondoka Jumapili saa 4 usiku, malori yanaporuhusiwa tena barabarani, na kurudi Ijumaa au Jumamosi akiwa hoi. Kwa hiyo wiki nzima ni mimi na wanangu, na nyumba imekuwa kimya mpaka naogopa.

Mkubwa akitoka shule anavua viatu, anasema "Hallo", anaingia chumbani na mlango unafungwa. Nikimwita kula anasema ameshakula, kumbe amekula mkate na jibini akiwa amesimama mbele ya friji. Nikisema Kiswahili wote wawili wananijibu Kijerumani. Yule mdogo, siku ya kuonana na mwalimu wake, alinirekebisha Kijerumani changu mbele ya mwalimu, wakacheka wote. Nilicheka nao. Nikaja kulia kwenye tramu.

Mama yangu akipiga simu kutoka Tanga nampelekea mkubwa simu chumbani. Anasema "Hallo Bibi", basi. Shikamoo haitoki. Juzi mama akaniuliza, "Hivi huyu unamlea wewe, au analelewa na Wazungu?" Mwezi uliopita nilikuta chupa 6 tupu za bia ndani ya begi lake. Sisi ni Waislamu, dada. Akasema si zake, aliziokota uwanjani baada ya mechi ili azirudishe dukani alipwe zile senti. Sikumwamini.

Sasa nifike kwenye lililonifanya niandike. Yuko darasa la 10 Realschule, shule ya sekondari inayoishia darasa hilo, na linaisha kiangazi hiki. Mwalimu wake aliniambia alama zake zinamtosha kuendelea mpaka Abitur, mtihani wa mwisho wa sekondari, na baada ya hapo chuo kikuu. Nilifurahi, nikaitangaza Tanga nzima. Kumbe mwenzangu alikuwa na yake. Alipokuwa darasa la 9 shule iliwapeleka kujifunza kazi, naye akaenda kwa fundi umeme mmoja mwenye karakana ndogo. Ikawa kila likizo yuko huko. Mwezi huu akaja na mkataba wa Ausbildung, yaani mafunzo ya kazi, miaka 3 na nusu, kuanzia mwezi wa 8. Kwa kuwa hajafika miaka 18, lazima mimi na baba yake tutie saini.

Nikamwambia sikuvuka bahari ili mwanangu aje kutandaza nyaya kwenye nyumba za watu. Mafundi umeme Tanga wamejaa. Akanijibu kwa Kijerumani, "Hujawahi kuniuliza hata siku moja ninafanya nini kule." Nikampiga kofi. Hakulia. Akasema polepole, "Hapa hairuhusiwi," akachukua koti akatoka. Alilala kwa rafiki yake siku mbili. Mama wa rafiki huyo ndiye aliyenitumia ujumbe kwamba yuko salama.

Amerudi, lakini ananijibu ndiyo na hapana tu. Huyu ndiye aliyekuwa akinisomea barua zote za maofisini tangu ana miaka 10. Mkataba nimeuweka kwenye droo ya vijiko, na fundi anataka jibu mwisho wa mwezi. Dada yangu wa Tanga anasema nimrudishe nyumbani akae bweni miaka miwili, samaki mkunje angali mbichi. Mume wangu kwenye simu anasema, "Fanya utakavyoona." Nami naogopa Jugendamt, ofisi ya ustawi wa watoto, watakuja kunichukulia watoto kwa sababu ya lile kofi.

Niambie dada, nitie saini au nimpeleke nyumbani?

Mama wa wavulana wawili, Bochum

*

Marahaba mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma usiku, nikairudia asubuhi kabla hata ya chai. Nchi hii nimeishi zaidi ya miaka 20 na nimelea wavulana watatu hapa Hannover. Huo mlango unaofungwa naujua mpaka mlio wa kitasa chake.

Tuanze na kofi, maana nadhani ndilo linalokunyima usingizi kuliko mkataba. Tangu mwaka 2000, kifungu cha 1631 cha sheria ya kiraia ya Ujerumani kinampa mtoto haki ya kulelewa bila kupigwa, na hakikuishia kwenye kipigo: kumuumiza nafsi na kumdhalilisha navyo vimekatazwa. Kwa hiyo mwanao alikuambia ukweli. Ila naomba utazame alivyouambia. Kijana wa miaka 16, pengine ameshakupita kimo, amepigwa usoni na mama yake, akashusha sauti, akachukua koti lake. Hakuinua mkono wala hakutukana. Unalia kwamba hana adabu, na adabu ile niliyoisoma kwenye barua yako aliipata wapi kama si kwako?

Nenda kamwombe radhi. Najua kwetu mzazi hamwombi radhi mtoto. Mama yangu akikukosea alikuwa anakupikia unachokipenda, anakuwekea sahani mbele bila neno, ukala ukajua yamekwisha. Mwanao hajui kuisoma sahani hiyo, hivyo mwambie kwa mdomo: nilikosea kukupiga, sitarudia. Ukifika hapo nyamaza. Usiongeze "lakini na wewe", hata kama imekufika kwenye ncha ya ulimi.

Jugendamt tunawaogopa wengi wetu kama zimwi la hadithini, na hofu hiyo inatufanya tukae na mambo mazito peke yetu. Kumtenga mtoto na wazazi wake ni hatua ya mwisho kabisa, na wazazi wakipinga ni mahakama ya familia inayoamua. Kazi yao nyingi ni kusaidia familia. Na si lazima uanzie kwao. Ziko ofisi za ushauri wa malezi, Erziehungsberatung, ambazo katika miji mingi huendeshwa na mashirika ya misaada kama Caritas, Diakonie au AWO. Ni bure, wanatunza siri, na unaweza kwenda peke yako bila mtoto. Siku utakapohisi mkono unataka kuinuka tena, piga simu huko. Mimi nilikwenda. Nilikaa mbele ya mama mmoja wa Kijerumani mwenye miwani nikalia saa nzima, akanisogezea karatasi za kufutia machozi, akaniuliza mara ya mwisho nililala lini.

Sasa bweni. Dada yako anakupenda na ana uchungu na mtoto, ila anaona mambo kutoka Tanga. Kama mwanao anaishi hapa kwa kibali cha ukaaji na hajapata uraia, akikaa nje ya Ujerumani zaidi ya miezi 6 bila ruhusa ya ofisi ya wageni, kwa kawaida kibali hicho kinakufa. Utampeleka miaka miwili, kumrudisha itakuwa vita. Hata kama karatasi zingeruhusu, bado ningekukataza. Ameishi hapa tangu ana miaka 7. Ukimwacha kwenye geti la shule ya bweni wiki chache baada ya kumpiga, hataona kwamba ameletwa kwao. Ataona ametupwa. Nimeshakutana na vijana waliorudishwa hivyo; masomo wameyasahau, siku ya geti wanaikumbuka mpaka rangi ya geti lenyewe.

Katika barua yako kuna sentensi moja umeipita mbio. Umeandika kwamba tangu ana miaka 10 ndiye anayekusomea barua za maofisini, kisha ukaruka kwenye droo ya vijiko. Mimi nilikwama hapo. Unazijua barua hizo zina nini. Bili ya umeme iliyopanda, ukumbusho wa deni, ofisi ya wageni na tarehe yao ya mwisho, bima ya afya, mwenye nyumba. Mtoto wa darasa la 4 alijua kodi imechelewa kabla baba yake hajajua, kwa sababu baba yake alikuwa barabarani. Alisoma maneno ambayo watu wazima wenye lugha yao yanawatoa jasho, akatafuta namna ya kukuambia bila kukutisha. Akimaliza, unamwambiaje? Haya, kaoshe vyombo.

Kwa Kijerumani mwanao amekuwa mtu mzima wa nyumba yenu kwa miaka 6. Kwa Kiswahili amebaki mtoto wa kutumwa.

Kesho jihesabu. Sikiliza kila unachomwambia kwa Kiswahili kutwa nzima: amka, kula, umesoma, weka simu, toa takataka, msalimie bibi. Nilijihesabu mimi zamani nikaona aibu. Tanga mtoto anapata amri nyumbani, lakini Kiswahili kilichobaki anakiokota nje: barazani wazee wakibishana, dukani, mpirani, kwenye daladala, kwa mashangazi wanaosema mambo wakidhani amelala. Anajifunza kutania, kulalamika, kubembeleza, kusimulia. Bochum hana baraza. Kiswahili chake chote kinatoka mdomoni mwako, nawe unafika nyumbani umesimama tangu alfajiri na sauti iliyobaki inatosha amri tu. Kwa hiyo anapokujibu Kijerumani, usifikiri anaikataa lugha ya mama yake. Kuna mambo anayotaka kusema, na Kiswahili ulichompa hakiyatoshi.

Nina hakika kule kazini unamuuliza mzee wa watu amelalaje, unamwachia amalize hadithi ileile ya jana, humkati. Mpe mwanao robo tu ya subira hiyo. Alishakuambia mwenyewe tatizo liko wapi: hujawahi kumuuliza anafanya nini kule. Sentensi hiyo ilikuwa mwaliko, nayo ikajibiwa kwa kofi.

Basi muulize, na umuulize kwa Kiswahili. Atakwama, mpe neno, au mlitafute pamoja. Anajua kutoboa ukuta kupitisha waya, lakini hajui kwamba sisi tunasema soketi, swichi, fyuzi, kwamba umeme unakatika na unarudi. Mweleze nyumba ya bibi yake, mita ya Luku, unavyoingiza namba uniti zinasoma. Muulize kwa nini chaja ya hapa haiingii kwenye soketi ya Tanga wakati nguvu ya umeme ni ileile, volti 230 kote kuwili. Atakueleza mpaka utachoka. Kisha mwache arekodi ujumbe wa sauti kwa bibi yake: amefunga taa gani leo, kwenye nyumba ya nani. Usimshikishe simu ghafla na kumkonyeza aseme shikamoo. Mfundishe kwamba ujumbe wa namna hiyo kwa mtu mzima unaanza na shikamoo, kama barua ya ofisini inavyoanza na "Sehr geehrte". Jambo hilo atalielewa mara moja, barua ndizo alizokulia.

Ausbildung yenyewe sasa, maana hapa naona umekosea na sitaki kukuzungusha. Unapolisikia neno fundi unamwona kijana wa mtaani kwetu aliyejifunza kwa kushikia mwingine ngazi, analipwa akipatikana mwenye kazi. Nawaheshimu hao, wametuwashia taa. Hapa mambo yamepangwa vingine. Atagawanya muda wake kati ya karakana na shule ya ufundi, na mwishoni kuna mtihani na cheti kinachotambulika nchi nzima. Analipwa tangu mwezi wa kwanza: kwa mikataba iliyoanza mwaka 2025, kiwango cha chini cha mwaka wa kwanza kilikuwa euro 682 kwa mwezi kabla ya makato, na malipo hupanda kila mwaka wa mafunzo. Kindergeld, ile posho ya mtoto ya serikali, haikatiki kwa sababu ameanza mafunzo. Inaendelea mpaka amalize, mradi hajafika miaka 25. Kuna muda wa majaribio usiozidi miezi 4, akiona si kwake anaweza kuondoka bila kutoa notisi.

Wala mlango wa chuo kikuu haufungwi. Mtu mwenye cheti cha ufundi anaweza kurudi shule kutafuta sifa za kuingia chuo cha sayansi tumizi. Akiendelea mpaka akawa Meister, yaani fundi mkuu, anaruhusiwa kufungua karakana yake, kuajiri, kufundisha vijana wengine, na hata kusoma chuo kikuu bila kuwa na Abitur. Mwanangu wa pili alifunga mabomba ya joto miaka 3 na nusu. Nililia kama wewe siku alipoanza. Leo anasomea uhandisi, na mabomba anayajua kuliko wenzake wote darasani.

Nakuelewa ulipoitangaza Tanga nzima. Uliwaahidi watu daktari au mhandisi, na sasa hujui utawaambia nini. Hilo lina uzito, sitalidharau. Ila ahadi ni yako, yeye hakuwapo ulipoitoa.

Chupa za bia. Inawezekana kabisa alisema kweli. Watoto wa hapa huokota chupa, ya bia inarudisha senti 8 na kopo senti 25. Lakini pia ujue kwamba akifika miaka 16 sheria ya hapa inamruhusu kununua bia na divai, na kwamba tangu sheria ya mwaka 1921 mtoto wa miaka 14 anajiamulia dini yake mwenyewe. Huna sheria ya nchi ya kumshikia katika hilo. Una nyumba yako na imani yako, navyo vinatosha kusema waziwazi: humu ndani pombe haiingii, na sababu ni hii. Mweleze sababu kwa maneno yako, namna unavyoiamini wewe. Akisali, asali akiwa ameelewa.

Mdogo usinisahaulie. Miaka 13 hucheka chochote, na siku ile alikuwa na aibu yake mwenyewe, kukaa katikati ya mama na mwalimu. Mwambie tu kwamba uliumia. Halafu jiandikishe darasa la lugha hata la jioni moja kwa wiki, kama zamu zinaruhusu, na barua za ofisini anza kuzisoma mwenyewe kwanza, polepole, kabla ya kumwita yeyote. Nisingependa mdogo naye arithi kazi ile.

Umeniuliza utie saini au umpeleke nyumbani. Tia saini. Ila usiitie peke yako jikoni usiku na kumwachia karatasi mezani. Zinahitajika saini mbili, na baba yao "fanya utakavyoona" haimtoshi. Jumapili yupo mpaka saa 4 usiku. Pika mbaazi za nazi na mahamri, waamshe wote, na radhi uwe umeshamwomba kabla, mkiwa wawili. Mkimaliza kula toa mkataba kwenye droo ya vijiko, umpe mkubwa, umwambie awasomee wewe na baba yake kuanzia mstari wa kwanza, kwa Kiswahili. Safari hii barua ni yake. Akikwama, msubirini.